Hodi Isiyoitikiwa

Shangazi yangu alikuwa na namna yake ya kuieleza sukari yake. "Mwili wangu hausikii dawa, mwanangu," alikuwa akisema, vidole vikiendelea kusuka ukili. Hakuwa akilalamika. Alisema kama mtu anayetoa habari ya mvua kuchelewa. Enzi hizo nilikuwa nikitafsiri vijitabu vya afya, na alasiri moja nilifika kwake Ngamiani, Tanga, na karatasi mkobani yenye istilahi iliyonikaa kooni wiki nzima. Ilihusu mwili wenye insulini, pengine insulini tele, lakini seli zake hazifanyi kile zinachoagizwa na hiyo insulini. Nilikuwa nimeandika "ukinzani wa insulini", nikafuta. Nikaandika "usugu wa insulini", nikaweka alama ya kuuliza. Shangazi akanipa jibu pale pale barazani, nami nikanywa chai yake nikaondoka bila kulichukua.

Nalirudia leo kwa sababu hali ile haikukomea kwenye damu. Miaka kadhaa baadaye alianza kuniita kwa jina la marehemu baba yangu, kisha kwa majina ya watu nisiowajua. Na kumbe muda wote huo watafiti wa ubongo walikuwa wakiuliza kama mambo haya mawili, sukari ya damu na kupotea kwa kumbukumbu, yana shina moja, na kama shina lenyewe ni ule ule mwili usiosikia.

Jina la kisukari limetupoteza kwa muda mrefu. Kiswahili kimeitwaa sukari, neno lililotufikia kwa Kiarabu, kikalivika kiambishi kile kile cha kifafa, kichocho, kifaduro na kipindupindu. Sokoni neno hilo hilo ni ndizi tamu, na hakuna anayechanganya. Limeundwa vizuri. Ila linanyoosha kidole kwenye sukari, na mgonjwa hufuata kidole. Shangazi aliacha sukari kwenye chai siku ile ile aliyopimwa, akajivunia kuacha kwake, na chai hiyo chungu akawa anaiteremshia sahani nzima ya mihogo ya nazi. Wanga wa muhogo ukishavunjwa tumboni huingia damuni ukiwa sukari. Neno "kisukari" halikumwambia hilo, na sisi tuliolitumia hatukumwambia.

Wengine nao waliteleza hapo hapo. Waganga wa kale wa India waliuita ugonjwa huu madhumeha, mkojo wa asali. Wagiriki wakauita diabetes, kwa maana ya kupita moja kwa moja kama maji yapitavyo mrijani, kwa kuwa mgonjwa hunywa na kukojoa bila kukoma. Katika karne ya 17 daktari Mwingereza Thomas Willis akauonja mkojo wa wagonjwa, akaukuta mtamu, na baadaye neno la Kilatini lenye asali ndani yake, mellitus, likabandikwa nyuma ya lile la Kigiriki. Wote walikiita kile kinachotoka. Kilichokuwa kikitokea ndani hakikuwa na jina, maana hakuna aliyeweza kukiona.

Neno insulini lina habari tofauti kabisa, na mimi mwenye babu wa Pemba siwezi kulipita bila kusimama. Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, Paul Langerhans, aliona kwenye kongosho mafungu madogo ya seli yaliyojitenga na nyama iliyoyazunguka. Hakujua yanafanya nini. Mwaka 1893 Mfaransa Edouard Laguesse akayaita visiwa vya Langerhans. Mwaka 1909 Mbelgiji Jean de Meyer akakipa jina kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amefaulu kukitoa: insuline, kutoka insula, kisiwa kwa Kilatini. Jina likakaa likingoja. Kitu chenyewe kikapatikana Toronto, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best iliyoanza mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa sindano yake akanusurika. Kwa hiyo kila anayesema "nachoma insulini" anasema, bila kujua, kwamba anachoma maji ya kisiwani.

Vijitabu vingi, vyangu vikiwemo, huifananisha insulini na ufunguo: seli ni nyumba, sukari iko nje, ufunguo unafungua. Mfano huo unaeleweka haraka, na kwa msuli unakaribia ukweli. Lakini ufunguo hauhitaji mtu ndani ya nyumba. Unafungua chumba kitupu sawa na chumba chenye watu. Insulini haifanyi hivyo. Hufika kwenye utando wa seli, ikakaa juu ya kipokezi chake, ikatoa habari kwamba chakula kimewasili. Seli ikishapata habari ndiyo inayopandisha vipitisha-sukari vyake kutoka ndani hadi utandoni. Anayefungua ni mwenyeji.

Na sisi tuna neno la jambo hilo, neno ambalo mtoto wa uswahilini hulijua kabla hajajua ufunguo ni nini. Hodi. Hodi haifungui mlango. Hodi ni sauti inayosubiri karibu. Kongosho lisipoitikiwa hufanya kama mgeni mwenye shida: hupaza sauti. Hutoa insulini zaidi, na zaidi, na kwa kuwa kelele hizo zinatosha, sukari ya damu hupimwa ikaonekana ya kawaida mwaka baada ya mwaka. Mtu anatembea mjini akiwa mzima wa afya kwa cheti, huku ndani yake kuna mgeni anayepiga ukelele mlangoni. Siku kongosho likichoka, ndipo sukari hupanda, na ndipo jina la kisukari hutolewa. Limechelewa.

Sasa hali hiyo ya hodi isiyoitikiwa tuiiteje?

Ukinzani ni neno la vitabu vya fizikia. Waya hukinza umeme, na kila waya una ukinzani wake tangu ulipovutwa kiwandani. Ndiyo shida yangu nalo: ukinzani hauna jana. Tena kukinza, katika maongezi ya kawaida, kuna nia ndani yake. Mkinzani amesimama mbele yako anakupinga. Seli haimpingi mtu.

Usugu una jana. Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa: kiganja cha mpiga makasia, kisigino cha mtembea peku, paji la uso la mwenye kusujudu. Sugu na sugua ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna mtoto anayezaliwa na sugu, na hakuna anayeipata kwa siku moja. Wizara ya Afya ya Tanzania imeshalipa neno hili kazi katika UVIDA, yaani usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa. Na kwa insulini linafaa kwa namna inayonishangaza kila nikilitazama, kwa sababu tangu miaka ya 1970 maabara zimeonyesha kwamba seli inayokaa ndani ya insulini nyingi hupunguza vipokezi vyake. Inapigiwa hodi mno hadi inaota sugu. Hiyo ni njia moja tu kati ya nyingi. Mafuta yanayojilundika kwenye ini na misuli yamo, urithi umo, kukaa kitako kutwa kumo. Lakini hata dawa yake iko ndani ya neno. Sugu hulainika, na msuli unaotembezwa huanza tena kuitikia.

Kinachonikwaza ni herufi mbili, "wa". Katika usugu wa vimelea, walioota sugu ni vimelea. Kwa sarufi hiyo hiyo, "usugu wa insulini" unasema iliyoota sugu ni insulini. Muuguzi mmoja aliyenisaidia kupitia rasimu aliniuliza kwa dhati, "Kwa hiyo hapa unasema dawa ndiyo imeharibika?" Nikaona mgonjwa akiitupa chupa yake nzima kwa sababu ya kiunganishi changu. Tangu siku hiyo naandika usugu wa seli dhidi ya insulini. Ni ndefu, lakini inataja kilichoota sugu na kinachogongea.

Hayo ni ya kitabuni. Kliniki kunataka neno lingine, na hapo ndipo namrudia shangazi. Waswahili husema kidonda hakisikii dawa, homa haijasikia dawa. Sikio la kufa, tunaambiwa, halisikii dawa. Kusikia kwetu hakukai masikioni peke yake: tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia maumivu, hata harufu. Mwili mzima una masikio. Mwaka 1936, London, daktari Harold Himsworth aliwapa wagonjwa wa kisukari sukari na insulini kwa pamoja akapima damu zao. Kwa wengine insulini iliizuia sukari isipande. Kwa wengine ilikuwa kama haikuingia mwilini. Katika makala yake kwenye jarida la Lancet aliwagawa wagonjwa kwa neno la hisia: wanaoihisi insulini na wasioihisi. Neno la upinzani ndilo lililokuja kushika nafasi baadaye katika Kiingereza, na likashika nafasi duniani. Lakini yule wa kwanza aliyeitenga hali hii kwa vipimo alikuwa jirani zaidi wa shangazi yangu kuliko wa vitabu vyangu. Seli hazisikii insulini. Mgonjwa yeyote kutoka Lamu hadi Kilwa ataelewa, na sentensi hiyo haina kosa la kisayansi ndani yake.

Nafika kwenye ubongo.

Kwa miaka mingi ubongo ulihesabiwa kuwa nje ya habari hii. Una uzito wa karibu asilimia 2 ya mwili na unatumia takribani asilimia 20 ya nishati yake, lakini milango yake mikuu ya sukari haingoji insulini. Hapo mfano wa ufunguo ulifanya madhara. Ukiamini insulini ni ufunguo, na nyumba hii milango yake i wazi, utasema insulini haina kazi humo. Mwaka 1978 Jana Havrankova, Jesse Roth na mwenzao, wakifanya kazi Marekani, walionyesha kwamba vipokezi vya insulini vimetapakaa kote katika ubongo wa panya. Masikio yote hayo, katika nyumba ambayo haina haja ya kufunguliwa. Yanasikiliza nini?

Yanasikiliza habari. Insulini huwa na mkono katika kuimarisha miunganiko ya neva, na miunganiko hiyo ndiyo kumbukumbu. Huzuia pia kimeng'enya kimoja kisibandike fosfeti kupita kiasi kwenye protini iitwayo tau. Tau iliyobandikwa kupita kiasi huachana na kazi yake ya kushikilia maumbo ya ndani ya neva, ikajisokota nyuzi nyuzi. Nyuzi hizo Alois Alzheimer aliziona kwa hadubini katika ubongo wa Auguste Deter, mama aliyepokelewa hospitali ya Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51, ambaye alipotakiwa kuandika jina lake alishindwa kulimaliza. Alifariki mwaka 1906. Mwaka 1910 Emil Kraepelin akaupa ugonjwa huo jina la Alzheimer katika kitabu chake cha kufundishia, na jina la Auguste likabaki kwenye jalada.

Ushahidi wa kuunganisha mambo haya ulikuja kwa vipande. Mwaka 1999, katika utafiti wa Rotterdam uliofuatilia wazee zaidi ya 6,000 nchini Uholanzi, wenye kisukari walionekana kuwa na hatari ya demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na akili, karibu mara mbili ya wenzao. Lakini kisukari huharibu mishipa ya damu, na ubongo huishi kwa mishipa hiyo, kwa hiyo mtu angeweza kusema yote ni ya mishipa. Kipande kilichonikalisha kitako ni cha mwaka 2012. Konrad Talbot, Steven Arnold na wenzao, kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichukua tishu za ubongo za watu waliokwisha kufariki, kutoka sehemu inayohusika na kumbukumbu, wakazitia insulini. Tishu za waliokufa bila Alzheimer ziliitikia. Za waliokuwa na Alzheimer ziliitikia kwa unyonge, ingawa waliochunguzwa hawakuwa wagonjwa wa kisukari. Yaani ubongo unaweza kuota sugu wenyewe, damu ikiwa salama. Nilisoma hilo usiku na nikafikiria hodi ile, imepigwa kwenye nyama ya marehemu, na marehemu mmoja anaitikia kuliko mwingine.

Kuna kipande kingine nakipenda kwa ajili ya neno lake. Kimeng'enya, kutokana na kumeng'enya, kukivunja chakula mpaka kilainike, ni moja ya istilahi bora tulizowahi kuunda. Unalisikia likifanya kazi yake mdomoni. Kipo kimeng'enya ambacho wanasayansi walikiita kivunja-insulini, kwa kuwa walikikuta kikivunja insulini. Miongo ikapita. Katika miaka ya 1990 ikaonekana kwamba kinavunja pia amiloidi beta, ile protini inayojilundika nje ya neva za wagonjwa wa Alzheimer. Jina lilitaja kazi moja, na kazi ya pili ikakaa kivulini mwa jina. Ndipo ikaja dhana kwamba mahali penye insulini nyingi kupita kiasi kimeng'enya hiki huwa na shughuli nyingi, na takataka za amiloidi hubaki hazijafagiwa.

Mwaka 2005 Suzanne de la Monte na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, baada ya kupima insulini, jamaa zake na vipokezi vyao katika ubongo wa marehemu waliokuwa na Alzheimer, waliuliza kama ugonjwa huo si kisukari cha aina ya tatu. Waliuliza, alama ya kuuliza imo kwenye kichwa cha makala yao. Vyombo vya habari viliiacha alama hiyo njiani, na nimeshaona kwa Kiswahili "kisukari cha aina ya tatu" na "kisukari cha ubongo" vikiandikwa kama majina yaliyokwisha kukubaliwa.

Mimi siyatumii, na nimewaomba wahariri wangu wasiyatumie. Taasisi za kisukari hazijaupokea mgawanyo huo. Kisha ipo tayari aina ya 3c, ambayo ni kisukari kinachotokana na kongosho lililoharibiwa na ugonjwa mwingine, na mgonjwa akichanganya herufi moja atadhani ameambiwa atapoteza akili. Zaidi ya hayo, neno kisukari litanyoosha tena kidole kile kile. Familia itaondoa sukari kwenye chai ya mama na kukaa ikingoja akumbuke. Uhusiano upo, na mtu mwenye kisukari anayo sababu moja zaidi ya kukitibu mapema. Jopo la Lancet la mwaka 2024 lilikihesabu miongoni mwa mambo 14 ya hatari ya demensia yanayoweza kurekebishwa. Lakini wako wengi wenye usugu ambao hawapati Alzheimer, na wako wenye Alzheimer ambao sukari yao haikuwahi kusumbua. Na dawa zimekataa kuwa rahisi. Insulini ya kupuliziwa puani, iliyojaribiwa kwa watu 289 na kutangazwa mwaka 2020, haikuonyesha faida iliyotarajiwa. Novemba 2025 ikatangazwa kwamba semaglutidi, dawa ya kisukari ambayo wengi waliitegemea, ilijaribiwa kwa watu karibu 3,800 wenye dalili za mwanzo za Alzheimer na haikuupunguza mwendo wa ugonjwa. Kuiita Alzheimer kisukari, baada ya hayo, ni kumwahidi mtoto wa mgonjwa kitu ambacho hatuna mkononi.

Amiloidi lenyewe ni jina la makosa. Mwaka 1854 Rudolf Virchow aliona vitu kwenye tishu vikigeuka rangi kwa iodini, akadhani ni wanga, na wanga kwa Kilatini ni amylum. Haikupita miaka mingi wengine wakaonyesha kuwa ni protini. Jina halikubadilika. Mfasiri mwaminifu kwa asili ya neno angelazimika kuandika "kifanana-wanga", na hapo Kiswahili kinamchimbia shimo lake chenyewe, maana wanga kwetu ni unga wa muhogo na viazi, na wanga ni pia wale watokao usiku kuloga watu. Kuwanga. Kila mtoto wa pwani amelelewa akiliogopa neno hilo.

Sitanii na maneno hapa. Mama mzee mwenye Alzheimer huamka saa tisa usiku akiamini anatakiwa kwenda kwao, kwa mama yake aliyekufa miaka hamsini iliyopita. Hutoka na kanga moja, au bila kanga. Huzunguka nyumba ya jirani akitafuta mlango wa utotoni kwake. Daktari ana neno la hali hiyo, kutangatanga, ni dalili inayojulikana. Jirani aliyeshtuka usingizini ana neno lake, na huwa halikosi kumjia: anawanga. Kilifi na Usukumani wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na kila nisikiapo habari hizo najiuliza wangapi kati yao walikuwa wametoka tu kutafuta kwao.

Shangazi alikutwa kisimani kwa jirani usiku mmoja wa mwezi mwandamo. Kijana mmoja alilitamka lile neno. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo aliyewahi kufundishwa na shangazi kusuka, akamkemea kijana, akavua mtandio wake akamfunika, akamrudisha kwa mkono. Neno lilikuwa limeshatoka, lakini. Asubuhi nililikuta limefika dukani kabla yangu.

Tulimpeleka kwa daktari akatuambia ni uzee tu. Uzee ni jina la heshima na hapa lilitufungia mlango. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta demensia kwa watu kama 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Maana yake zaidi ya 90 walizeeka bila kuwa nayo. Huko Hai ndiko kilikotengenezwa pia kipimo kinachotumia njiti za kiberiti: mzee huonyeshwa umbo la njiti akatakiwa kulipanga, kwa kuwa wazee wengi hawakuwahi kushika kalamu na si haki kuipima akili kwa kalamu. Njiti nne mezani zingetosha kumwambia daktari yule kwamba uzee haukuwa jibu.

Demensia, kwa Kilatini, ni akili iliyotoka mahali pake. Kiswahili kina punguani, kina hamnazo, na maneno yote mawili yametumika kama mawe kiasi kwamba hayawezi tena kumgusa mgonjwa bila kumjeruhi. Ugonjwa wa kusahau ni jina la upole, nami nalitumia ninapozungumza na ndugu wa mgonjwa, ila ni dogo. Kila mtu husahau alikoweka mbuzi ya kukunia nazi. Shangazi alikuwa ameipakata, akaniuliza hiki chuma chenye meno ni cha nini. Akili tumeipata kwa Waarabu, na kwao neno hilo linatoka shina moja na ile kamba anayofungwa ngamia gotini asipotee. Alikaa Ngamiani miaka arobaini na sikuwahi kulifikiria hilo hadi kamba ilipoanza kulegea. Kwa kazi yangu nimebaki na ugonjwa wa Alzheimer, jina la mtu, kwa sababu halijawahi kutukana mzee wa kwetu. Maelezo mengine nayaweka kwenye sentensi.

Mikono yake haikusahau. Wataalamu wanasema kumbukumbu ya kazi za mikono hukaa sehemu nyingine ya ubongo na huchelewa kuguswa. Dole gumba lake lilikuwa na sugu ya miaka sitini ya ukindu, ngumu na ng'avu kama kokwa, na liliendelea kuulaza mwaa juu ya mwaa bila macho kutazama. Alichopoteza ni kujua pa kuishia. Zamani alipima ukili kwa pima, akaukata, akashona mkeka. Sasa ukili ulikwenda tu, siku hata siku, tukawa tunauviringa nyuma yake na kumletea ukindu mwingine.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilisimama mlangoni, nikaita kama alivyonifunza.

"Hodi!"

"Karibu," akaitikia hapo hapo, bila kuinua macho. Akasogea kwenye jamvi kumpa nafasi mgeni, akauvuta na ukili wake.

"Nani?" akauliza.